Faili la Tatu Kutoka Juu

Hedwiga Kinunda alikuwa mwanamke wa kuvunjika, si wa kupinda. Alipofiwa na mume, shemeji zake walikuja kutaka kumrithi. Aliwapa uji, wakanywa wakashiba, kisha akawaonyesha njia waliyojia.

Parokiani kwao, upande wa Mbaha, alianza kwa kufagia ofisi. Ikaja miaka ile ya soko huria, makoti ya Ulaya yakishushwa Mbamba Bay kwa marobota, na padre mzee Mjerumani naye akaletewa kompyuta iliyokwisha kutumika huko kwao. Aliyekuwa karibu na meza, ufagio mkononi, ni Hedwiga. Akafundishwa, akashika. Watu wakamwita Mama Kompyuta, naye akaitika bila aibu.

Lakini palikuwa na jambo alilolificha. Shule aliishia darasa la pili. Herufi alizijua mojamoja kama mtu anavyowajua mbuzi wake. Zikijikusanya kundi, zilimpotea. Kunakili jina aliweza, herufi kwa herufi. Kusoma kwake kulikuwa kama kula samaki wa miba gizani. Basi yeye akashika mahali. Faili la kwanza kutoka juu ni Misa, la pili mazishi, la tatu ndoa; ya zamani yalikaa chini. Mashine ikiuliza swali, unabonyeza kitufe cha kushoto. Miaka mitano mahali hapo hapakumwangusha.

Padre mzee akarudi kwao, akaja paroko mpya, na paroko mpya akamleta Nazari, fundi kutoka Songea. Nazari akafuta mfumo wa zamani, akaweka mpya.

"Mama, sasa mashine yako ina akili," alisema akifunga mkoba.

"Kwani ya zamani ilikuwa na wazimu?"

Akili yenyewe Hedwiga aliiona kesho yake. Faili lililoguswa jana, leo limepanda juu, kama watoto wanaogombea kukaa mbele. Mazishi yameikalia Misa kichwani. Kitufe cha kushoto, ambacho zamani kilihifadhi, sasa kilitupa. Nia za Misa za wiki nzima zilipotea akiangalia. Akienda kunywa maji, akirudi anakuta kioo cheusi. Alizima, akawasha, akingoja mashine ijirudi. Haikujirudi. Siku ya tatu aliipiga makofi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Angemwuliza nani? Kila jibu lilianza na "soma hapo, Mama, pameandikwaje?"

Na wiki ile haikuwa wiki ya kuchezea. Glorious, mjukuu aliyemlea mwenyewe, alikuwa aolewe Jumanne, kesho yake ni Jumatano ya Majivu, Kwaresima inaanza. Matangazo mawili ya ndoa yalikwisha kusomwa kanisani. Lilibaki la tatu, la Jumapili. Lisiposomwa, hakuna ndoa mpaka Pasaka.

Jumamosi Glorious akachungulia dirishani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Tangazo letu limetoka? Naona unaikodolea tu. Nije nikusomee?"

"Toka hapo, mke mwenzangu! Tangu lini bibi harusi akajiandikia tangazo?"

Glorious akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasogea, akasema chini kwa chini, "Bibi, ukifika Pasaka, lile gauni halitanifunga."

Hedwiga akamwangalia usoni, akamwangalia tumboni. "Nenda kaanue usipa, samaki watakauka mno," alisema. "Litatoka."

Jenereta ya misheni huzimwa saa sita mchana, na saa sita ilikuwa inakaribia. Alifungua faili la tatu kutoka juu. Ukatokea msalaba na kichwa cha habari, vilevile anavyovijua. Majina hakuyasoma, ya nini, na aliyaandika mwenyewe? Alitaka tu kugeuza 2 iwe 3. Akakuta ni 3 tayari. Ala! Kumbe ndiyo hiyo akili, imejihesabia. Kwa mara ya kwanza wiki ile akaisifu mashine, akachapa.

Jumapili katekista, Mwalimu Othmar, akasimama mbele na karatasi.

"Tangazo la tatu. Kilian Hyera wa Kihagara anataka kufunga ndoa na Katarina Komba..."

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Kilian huyo alikuwa benchi la pili, na Katarina ubavuni kwake, mtoto mgongoni. Mwaka mzima walikuwa mke na mume.

"Anamwoa tena? Wa kwanza hakutosha?" alisema mtu nyuma.

Glorious hakucheka. Alikuwa ameshika kitenge chake kwa mikono miwili.

"Mama Hedwiga," Othmar aliita, "labda miwani inanidanganya. Njoo utusomee ulichoandika."

Njia ya kutoka benchi lake mpaka mbele ilikuwa fupi, siku ile ikarefuka. Akapokea karatasi. Herufi zikajikusanya, zikampotea. Hakujua hata kosa liko wapi. Pale mbele hapakuwa na kitufe, wala kushoto, wala kulia. Akainua karatasi mpaka usawa wa macho, akasema kwa sauti:

"Tangazo la tatu. Urbani Ndunguru wa Mbaha anataka kufunga ndoa na Glorious Kinunda wa parokia hii. Mwenye kujua kizuizi chochote amwambie paroko."

Paroko akaitikia kwa kichwa. Limesomwa.

Othmar alikuwa amesimama begani kwake. Macho yake yalishuka kwenye karatasi, ambako Kilian bado alikuwa anamwoa Katarina, yakapanda tena usoni kwa mama yule.

Walipotoka, alimfuata mpaka kwenye kengele.

"Mama. Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

Othmar akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Jumatano nitapita ofisini. Kusalimia tu."

"Ofisi ni ya kanisa. Anayepita apite."

Jumanne Glorious akaolewa, na gauni likafunga. Jumatano, majivu yakiwa bado kwenye paji la uso, Hedwiga akawasha mashine. Ndoa ilikuwa juu kabisa. Misa hakuiona popote. Swali likatokea katikati ya kioo, na vitufe vitatu chini yake. Akaweka mikono mapajani, akakaa, akisikiliza kama baiskeli ya Othmar inapita.