Fundi Pamba na Kompyuta ya Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Fundi Pamba, na jina likamkaa. Ukimpelekea kompyuta iliyojaa vumbi, hakurudishii mpaka ameisugua nje ndani kwa pamba na spiriti, utadhani ni bibi harusi.

Siku hiyo mezani kulikuwa na kompyuta ya mama mkwe wake, mwenye duka la kuchapa na fotokopi. Miaka yote mama huyo aliwaambia wateja, "Nani, mke wa mwanangu? Aa, yule anachokonoachokonoa tu." Mashine zake alizipeleka kwa mafundi wa mbali. Leo kaileta mwenyewe, kakaa hapohapo kusubiri. Fundi Pamba roho juu. Akiharibu hapa, kwisha habari yake.

Bodi kubwa ya ndani ilikuwa imeungua. Akaisafisha mashine, akafunga bodi mpya, akawasha. Ikawaka vizuri, ila ikadai namba ya leseni upya. Hilo halikumtisha. Ukibadilisha bodi ile, mfumo hudhani umehamishiwa kompyuta ya mtu mwingine. Namba si ipo kwenye stika ubavuni? Akaligeuza kasha.

Lahaula! Stika ilikuwa nyeupe pee. Aliisugua kwa mkono wake mwenyewe, spiriti ikala herufi zote.

"Kuna nini?" mama mkwe akauliza.

Uongo ulishamfika kwenye ncha ya ulimi, akaumeza. "Mama, nisamehe. Nimeifuta namba ya leseni nikisafisha. Bila hiyo mashine haitaki."

Mama akamtazama, akalitazama kasha linavyometameta, akaangua kicheko mpaka mtandio ukamdondoka. "Sogea huko!" Akavuta kiti, akafumba macho, vidole vikaanza kukimbia. "Enzi za virusi vya kompyuta, kila mfumo ulipowekwa upya niliiandika hii namba mpaka nikachoka. Ukiniuliza kwa mdomo siijui hata herufi moja. Vidole ndivyo vinavyoijua."

Leseni ikakubali.

"Shikamoo vidole," Fundi Pamba akasema, akashusha pumzi.

Simu ya mama ikalia. Mteja alitaka kujua kama duka litafunguliwa. "Nakuja sasa hivi, kompyuta imepona. Kaitengeneza mwanangu." Akasikiliza. "Siyo huyo wa kiume, bwana, huyo hata balbu hawezi. Huyu wa kike, fundi."

Fundi Pamba akajipangusa machozi kwa pamba iliyokuwa mkononi, akasahau kuwa ina spiriti, na hapo ndipo alipolia kwelikweli.