Mkate wa Ulanzi wa Mama Sedekia

Mimi ni Mkatoliki. Naliweka hilo wazi mapema, maana huko mbele nitatajwa kanisani kwa watu kwa sababu hiyohiyo. Jina langu Rozalia. Marta, yaani Mama Sedekia, mke wa Eliezeri Kalinga, alikuwa jirani yangu pale Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini, na kati ya ua wake na wangu palikuwa na uzio wa mabua ambao kuku walikuwa wameshautoboa. Hata leo wapo wanaomwita yule mama wa benchi la nyuma, kana kwamba alikuwa mkorofi. Wakorofi nawajua, mimi mwenyewe ni mmoja wao. Marta hakuwamo.

Mambo yalianza na mkate. Eliezeri alikuwa nyapara wa barabara, na katika kambi za kazi alikuwa amewaona wazungu wakinywa chai kwa mkate. Akarudi nyumbani na neno: nyumba ya Kikristo yenye watoto wa shule haifai kuamkia kiporo cha viazi, sharti uwepo mkate, tena wa kuokwa hapohapo, kila wiki. Maneno matamu sana hayo kwa mtu asiyepika. Marta hakubisha. Alimpenda mumewe, nasema kweli, na alimwamini kama mtu anavyouamini ukuta anaouegemea. Akaanza kutafuta mkate ambao nyumba yake ingeuweza mwaka mzima.

Alianza na hamira ya dukani. Ilimbidi apande mlima hadi mjini kuifuata, na mara nyingi aliikuta imeshakufa ndani ya kopo. Siku moja mkate uliumuka vizuri, siku mbili ukatoka bapa kama kofia iliyokaliwa. Akaacha. Akajaribu unga wa mahindi uliochanganywa na boga la kuchemsha, akaufunga kwenye majani ya mgomba na kuupika kwa mvuke. Huo watoto waliupenda, wakaenda nao shuleni. Eliezeri akasema hicho ni chakula cha shambani.

Mkate wa tatu ni kosa langu. Mama yangu alikuwa akiumua unga wa ngano kwa ulanzi. Asiyeujua ulanzi nimwambie: ni maji yanayodondoka kwenye mwanzi mchanga ukiukata ncha wakati wa masika, yanakingwa kwa kipande cha mwanzi tunachokiita mbeta. Yakitoka ni matamu, mtoto anakunywa. Yakilala siku mbili yanakuwa makali, na mtu mzima akizidisha anasimama njiani kusalimiana na kichuguu. Ulanzi wa siku mbili ukiutia kwenye unga wa ngano na chumvi, ukauacha karibu na meko, unga unajaa beseni. Basi nikamfundisha Marta jikoni kwangu. Tukauoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Ukatoka mwekundu juu, mwepesi, na kauchachu kadogo kanakomfanya mtu akate kipande kingine kabla hajamaliza cha kwanza.

Lakini Marta alikuwa Mlutheri, na kwao pombe ilikuwa marufuku, ulanzi ukiwemo. Aliyekutwa nayo alitengwa na Meza ya Bwana, akahamia benchi la nyuma mlangoni mpaka wazee wa kanisa waridhike. Kwa Marta ile Meza haikuwa jambo dogo. Jumamosi kabla ya ushirika alikuwa akifua kitambaa chake cha kichwa na kupatana na kila mtu aliyemkwaza wiki ile, hata mimi, ambaye nilikuwa nimeshasahau. Kwa hiyo alipeleka mkate ule kwa mumewe, akamwacha ale, halafu akamweleza umetiwa nini. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda. Eliezeri alikuwa kwenye kipande cha tatu.

"Ulevi uko kwenye kibuyu, Mama Sedekia, kwenye mkate haupo," akasema. "Moto umeshauondoa."

"Na wazee wakiuliza?"

"Wakiuliza nitajibu mimi."

Hapo ndipo nyumba ile ilipochagua mikate yake. Masika yote, Jumatano na Jumamosi, mkate wa ngano kwa ulanzi. Siku nyingine, na kiangazi mwanzi unapokauka, mkate wa boga. Tena mwenye kugema ulanzi alikuwa Eliezeri mwenyewe. Pembeni ya mto alikuwa na mianzi ya marehemu baba yake, aliyoileta ikiwa miche kutoka Igowole. Alfajiri utamwona anapanda kutoka mtoni amevaa koti kubwa, na mbeta imo ndani ya koti, anatembea taratibu kama mama mjamzito. Nilikuwa nikimsalimu kwa makusudi ili asimame. "Kamwene, shemeji. Baridi leo?" Naye anacheka. Tulikuwa tunapendana kwa utani, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma hata mimi.

Masika mawili yakapita hivyo. Mwaka wa hamsini na tano, mwezi wa pili, jina la Eliezeri likatajwa kwamba Pasaka angewekwa kuwa mzee wa kanisa. Wazee wakaja kumtembelea. Marta alitaka awape mkate wa boga, lakini Eliezeri akasema hapana, wageni hawapewi chakula cha shambani. Wazee wakala mkate wa ulanzi, wakasifu, na Mzee Saulo akachukua kipande ampelekee mkewe.

Kesho yake mke wa Saulo akaja kuomba chachu. Kwetu mwanamke akija kuomba moto, chumvi au chachu, humnyimi, hata kama jana mlitukanana. Kumnyima ni kumtangazia kwamba humtakii mema watoto wake. Marta hakuwa na namna. Angesema uongo, nao uongo hakuujua. Akamkatia donge la unga uliokwisha kuumuka, akamwambia aulishe ngano na maji ya uvuguvugu. Yule mama akaenda nalo nyumbani, akalifunika. Jioni Mzee Saulo akaingia jikoni, akafunua. Harufu ya ulanzi sisi wa kandokando ya mto Ruaha sote tunaijua, mtu hahitaji kuambiwa.

Marta akaitwa kanisani Jumamosi. Nilimsindikiza, nikakaa nje kwenye ngazi, mlango uko wazi. Hakuwa na hofu. Njiani aliniambia, "Baba Sedekia atajibu," akalisema kwa utulivu, kama mtu anayesema mvua itanyesha mchana.

Walimuuliza kama ana ulanzi nyumbani. Akasema anao, ni wa kuumulia mkate, hakuna anayeunywa. Wakamuuliza nani humletea. Hapo Marta akageuka kumtazama mumewe aliyekaa mbele pamoja na wazee. Alimpa nafasi. Nami nje pale nikajisemea, haya shemeji, inuka.

Akainuka kweli. Akafunga kifungo cha koti, lile lile koti.

"Mimi huletewa mezani nikala," akasema. "Mambo ya jikoni ni ya wanawake. Kama kuna mwalimu, ni huyo jirani yake Mkatoliki."

Ukipenda boga, penda na ua lake. Yeye boga alikula miaka miwili, ua akamwachia mkewe. Nilitaka niingie nipige kelele, nikaona nitamwongezea Marta mzigo. Marta mwenyewe angeweza kusema habari za mbeta ndani ya koti, na wote wangeamini. Hakusema. Tulirudi nyumbani, na kwenye uzio wa mabua akanishika mkono, akaniambia, "Alikuwa na neno moja tu la kusema, Rozalia." Sijawahi kuona uso wa mtu aliyesalitiwa namna ile. Aliingia ndani akakatakata boga.

Wakampa miezi sita benchi la nyuma. Pasaka Eliezeri akawekwa kuwa mzee wa kanisa, Marta akiwa mlangoni anatazama. Na, Mungu wangu, Jumatano iliyofuata mtu huyo akapanda tena kutoka mtoni na mbeta, akaiweka nyuma ya mlango kama kawaida yake. Marta hakuigusa. Ikakaa mpaka ikachacha, ikavuta nzi, mpaka Eliezeri mwenyewe akaibeba kwenda kuimwaga mchana kweupe, majirani tunamtazama. Toka siku hiyo nyumba ile ikawa na mkate mmoja tu, wa boga. Eliezeri alikula chakula cha shambani mwaka mzima, wala hakuthubutu kuuliza.

Mwezi wa nane adhabu ikaisha. Nilikwenda kanisani kwao siku ile, nikasimama dirishani. Marta aliitwa mbele, kitambaa chake cheupe kichwani. Mchungaji akamuuliza kama ameacha ulanzi, akajibu ameacha. Akamuuliza, kama wanavyoulizwa wote wanaorudi, kama amepatana na watu wote, kama moyoni hana neno juu ya mtu.

Marta akamtazama Eliezeri, aliyesimama kando ya mchungaji na vitabu mkononi. Akamtazama kwa muda wa kutosha mtu kusema jambo. Kisha akasema, "Ninalo," akageuka, akatembea kanisa zima mpaka benchi la nyuma, akaketi.

Hakuna aliyemtenga safari hii. Jumapili baada ya Jumapili alikuja, akakaa palepale mlangoni, na watu wakaanza kupima: amesema ana neno, neno gani, na nani? Mzee Saulo akauliza. Mchungaji akauliza. Wanawake kisimani wakauliza, tena hao hawachoki.

Mwisho Eliezeri akaja kwangu. Alikuwa hajakanyaga kwangu tangu siku ile aliponitaja. Alisimama nje ya mlango, kofia mkononi, akaniomba nimshauri mwenzangu arudi mezani, maana jambo limekuwa aibu.

"Watu wanauliza, Rozalia," akasema.

"Basi wajibu wewe, shemeji," nikamwambia.

Akavaa kofia yake, akaondoka. Hakuwajibu. Marta alikaa benchi lile mpaka tulipomzika Eliezeri, na Jumapili iliyofuata akaenda mbele.