Elia Ametangulia

Juzi kule Njiro, jirani yangu alimwambia mjukuu wake kwamba babu yake, aliyefariki Jumapili, ametangulia. Mtoto akatoka, akaenda kuchungulia getini. Nilikereka, maana neno hilo liliwahi kunikimbiza bure nikiwa mtoto.

Elia, mdogo wangu wa miaka mitatu, alikuwa mtoto wa kuchelewesha watu. Tulipomfuata Mama kwenye shamba la kahawa la Mwingereza, alisimama kwenye kila konokono, akakaa chini, akataka kubebwa. Na Mama, bila hata kugeuka, aliniambia, "Msubiri mdogo wako." Nilichoka kumsubiri.

Mchana ule alitumbukia kwenye birika la kuoshea kahawa. Mimi niliona tu wanawake wakikimbia, kisha nyumba yetu ikajaa watu na harufu ya kahawa iliyochacha. Nilipouliza Elia yuko wapi, shangazi akasema, "Ametangulia."

Yaani Elia, asiyeweza kuvuka mfereji bila kushikwa mkono? Tena ni nani aliyemruhusu? Nikashuka mbio kati ya migomba mpaka barabara ya Usa River, nikimwita kwa hasira. Palikuwa na vumbi na mbuzi wawili tu.

Niliporudi nilimkuta Mama amekaa sakafuni, nguo zake bado zimelowa. Leo najua ni nani aliyemtoa kwenye yale maji. Siku ile nilimwambia tu, "Mama, simwoni. Na yeye aambiwe anisubiri."