Migomba ya Binti Yangu Ilikatwa kwa Neno Langu

Jamani wasomaji, nisikilizeni bila kunihurumia. Kosa ni langu mwenyewe, na jina silitaji kwa sababu naona haya.

Mimi ni kapita, yaani msimamizi, wa watu wanaotafuta madini ya bati huku Walikale. Tunachimba mashimo ya kujaribu, tunaosha changarawe kwenye karai, kisha tunatazama mchanga mweusi unaobaki. Ukiwa mzito, huenda ni bati. Lakini mchanga wa chuma nao ni mweusi, ila ni mwepesi zaidi mkononi! Macho peke yake hudanganya.

Karibu na Buleusa tuliona mchanga mweusi kando ya kijito, kisha tena juu kilimani. Katikati palikuwa na migomba ya binti yangu na mumewe, ambaye nilimwingiza mwenyewe katika kikosi changu. Hapo katikati hatukuchimba hata shimo moja.

Mzungu aliyetuajiri akauliza, "Na hapa kati?"

Loo, mdomo wangu! Nilitaka nionekane mjuzi wa yaliyo chini ya ardhi. Nikajibu kabla ya wote: "Iko, Bwana! Inatoka kule ku mutoni, inapita humu, inapanda." Nikawageukia wenzangu: "Ao mimi nadanganya?"

Nani angenijibu? Mkwe wangu aliinamisha kichwa, kama desturi yetu inavyomtaka mkwe mbele ya baba wa mkewe. Nami, mjinga mkubwa, nikaona amekubali.

Mzungu akaamuru, migomba ikakatwa yote. Tukachimba, tukakuta udongo wa mfinyanzi na maji, basi.

Nilimwuliza mkwe kwa nini alinyamaza. Akasema taratibu, "Papa, ile muchanga ya ku kilima ilikuwa mwepesi mu mukono yangu. Lakini mimi niko mukwe. Ningekupinga namna gani mbele ya batu?"

Aibu iliyonishika! Binti yangu alilisha watoto kwa mihogo ya kuomba kwa majirani, mwisho wakahamia Nyamitaba kulima kwa ndugu. Nikienda kuwaona ananinawisha mikono, ananipakulia, lakini hanitazami usoni. Nilimwomba msamaha. Akajibu, "Kula, Papa, chakula inapoa."

Enyi mnaoongoza wenzenu kazini, nawasihi! Mkishika karai, nyamazeni kwanza. Mwulizeni kila mtu pembeni, na mkwe zaidi ya wote. Na pale ambapo hamjachimba, semeni hamjui. Mimi ningesema sijui, ningeona aibu asubuhi moja tu, na wajukuu wangu wangekuwa bado wanakula ndizi za kwao.