Cadillac ya Ernestine Gaddis

Ernestine Gaddis alirudi nyumbani kutoka hospitali akichechemea, nyonga mpya bado inamuuma, lakini hakukimbilia kitanda. Alitazama banda la gari. Lilikuwa wazi, na ndani hamkuwa na kitu ila doa la oili sakafuni.

"Delmar, gari langu liko wapi?"

Mwanawe wa pekee, mtu mzima wa miaka arobaini, alichekacheka, akamkalisha kitini, akamwekea mapajani kisanduku cha kioo. Ndani yake mlikuwa na kigari cha kuchezea, Cadillac ya kijani, ndogo ya kuenea kiganjani, paa limekunjwa, vitasa vya milango vinang'aa.

"Ndiyo hiyo hiyo, Mama. Mwaka uleule, rangi ileile. Watu wanazikusanya hizi! Na yako hii haili mafuta."

"Nimekuuliza gari langu."

Ndipo kweli ikamtoka. Alikuwa ameliuza kwa Bwana Whitcomb, tajiri wa kitongoji cha Grosse Pointe anayekusanya magari ya zamani. Eti kwa usalama wa mama. Karatasi ya umiliki ilitaka sahihi ya Ernestine. Delmar aliitia mwenyewe.

Ernestine alikisogeza kigari kwenye miwani, akachungulia viti. Miaka ishirini na miwili alishona viti vya magari hayo kiwandani, hapo hapo Detroit, sindano zikimtoboa vidole. Mwaka wa 1970, alipokwenda kununua la kwake, muuzaji alimwuliza mumewe yuko wapi aje atie sahihi. Akajibu: "Yuko makaburini. Nipe kalamu."

"Mshono wenyewe wameuchora kwa rangi," alisema sasa. "Delmar, mimi mtoto mchanga? Mtoto ndiye anayenyang'anywa kitu chake, akapewa kidude anyamaze!"

Kesho yake Odessa Pruitt, shoga yake wa kanisani, alimpeleka Grosse Pointe. Bwana Whitcomb aliwakaribisha kahawa. Ernestine hakuigusa.

"Mama, nimelinunua kihalali," alisema Whitcomb. "Sahihi yako hii hapa."

Ernestine akaweka leseni yake ya udereva kando ya ile karatasi. "Mwandiko wangu ndio huu. Huo mwingine wa mwanangu. Herufi E yake ina mkia tangu darasa la pili."

Whitcomb alitazama huku, akatazama kule, uso ukamwiva. Akasema akirudishiwa pesa zake, gari litarudi. Asiporudishiwa, waonane polisi.

Pesa zenyewe Delmar alishazinunulia boti.

"Iuze," mama yake alimwambia jioni hiyo jikoni.

"Mama, nitakula hasara!"

"Basi napiga simu polisi."

"Utanifunga mimi, mwanao wa kumzaa?"

"Nitakufunga. Na kila Jumapili nitakuletea pai ya viazi vitamu."

Odessa, aliyekuwa bado yupo nao pale jikoni, alijaribu kupoza mambo. "Dada Ernestine, damu nzito kuliko maji."

"Najua, Odessa. Kwa nini unaniambia mimi? Mwambie aliyeshika kalamu!"

Delmar alimtazama mama yake, akaona hapana mzaha. Boti ikauzwa, na pengo akaliziba kwa mshahara wake.

Wiki ya tatu Cadillac iliingia uani, Delmar kwenye usukani. Alishuka, akampa mama yake funguo, akafungua mikono akumbatiwe. Ernestine akanyoosha kiganja.

"Na za nyumba."

"Mama, jamani..."

"Za nyumba, Delmar."

Akazitoa. Ernestine akaingia garini, taratibu kwa ile nyonga, akapapasa kiti chote, mshono kwa mshono, asije kukuta umechanwa. Haukuchanwa. Hapo tu ndipo machozi yalipomtoka, na hata hayo yalikuwa ya hasira.

Sikukuu ya Shukrani ilipofika, Delmar alibisha hodi kama mgeni. Mama yake alimfungulia, akampakulia bata mzinga na mboga, akaketi kumwangalia akila. Alipoomba msamaha, Ernestine alimwongezea mchuzi.

"Kula," alisema. "Bado nimekasirika."