Meno Ishirini na Mawili ya Reki

Iko siku moja ya jua kali, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo masikio yangu hupata moto. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, tukiishi kwenye shamba la mzungu upande wa Kalimoni, miaka ya hamsini ikielekea mwisho. Mume wangu alifanya kazi Nairobi, akija nyumbani mara moja kwa mwezi, kibali cha serikali cha kusafiri kikipatikana. Hapo bomani tulikuwa wawili, mimi na mama mkwe wangu, Mama Njoki, pamoja na ng'ombe wake watatu.

Siku hiyo Mama Njoki alikuwa bado hospitalini Thika, amevunjika mguu. Akapita mnunuzi wa vyuma vikuukuu na mkokoteni wake. Nyuma ya boma letu kulikuwa na reki kubwa ya kukokotwa na wanyama, ya kukusanyia nyasi kavu: magurudumu mawili ya chuma yaliyonifika kifuani, kiti cha chuma juu yake, na meno marefu ishirini na mawili yaliyopinda kama mbavu za ng'ombe. Kuku walilala humo. Mimi niliona kutu tu. Yule mtu hakuweza kuyabeba magurudumu, basi akayafungua meno, akaniachia sufuria mbili mpya na beseni lenye maua mekundu. Niliimba kutwa nzima. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini msichana mwenye beseni jipya husikia wahenga gani?

Mama Njoki alirudi akiegemea fimbo. Sufuria hakuzitazama hata kidogo. Alizunguka nyuma ya boma, akakaa huko kitambo, kisha akaita.

"Wangeci, meno yako wapi?"

Nikadhani anauliza haya ya kinywani, nikayagusa! Kisha nikaelewa.

"Niliyauza, Mama. Yalikuwa kutu."

"Ulimuuliza nani?"

Mama Njoki akaketi juu ya jiwe, akanieleza polepole, bila kupaza sauti, na heri angenipigia kelele. Baba mkwe wangu, ambaye sikuwahi kumwona, aliwahi kuendesha maksai wa reki ile miaka mingi. Trekta ilipofika, mzungu akaitupa reki korongoni. Yule mzee akaipandisha kipande kwa kipande mgongoni, kila Jumapili baada ya kanisa, akitumaini siku moja kuivuta kwa ajili ya ng'ombe wake mwenyewe. Alikufa kabla ya siku hiyo.

"Na si hilo tu," Mama Njoki akaendelea. "Mzungu amekubali tukate nyasi za bonde la chini. Zikikauka tuziondoe kabla ya Jumapili ya wiki ijayo, maana Jumatatu analima. Tuko wanawake saba wenye ng'ombe. Kwa mikono hatutamaliza. Mimi niliwaahidi reki."

Nikaanza kulia. Akaniangalia.

"Machozi hayakusanyi nyasi. Kesho uende ukayatafute."

Nilimkuta yule mnunuzi Ruiru. Sufuria zake nilizomrudishia alizichukua upesi, lakini meno alikuwa ameshayapeleka kwa muhunzi karibu na reli, mzee mmoja aliyeitwa Gathogo. Huko nilikuta meno kumi na mawili yametundikwa ukutani mazima. Matatu yalikuwa yamekwisha geuzwa miundu. Saba mzee alikuwa amempa mwenye hoteli wa Thika, ayatumie kuchomea nyama.

Nilimweleza Mzee Gathogo yote. Aliacha nyundo yake ikaning'inia mkononi.

"Reki yenyewe ingali imesimama? Magurudumu yote mawili? Ngai, Mungu wangu! Mimi mwenyewe nimezikatakata reki za namna hiyo nikatengeneza majembe. Nilidhani zimeisha." Akafikiri kidogo. "Chukua haya kumi na mawili. Matatu nitakutengenezea. Lakini utanivutia mvukuto mpaka kazi iishe."

Kwanza nikaomba kibali, nikaenda Thika na beseni langu kichwani. Mwenye hoteli aliitwa Baba Hamisi, Mwislamu mpole mwenye kofia nyeupe. Na hapo, mwanangu, nikaongeza kosa juu ya kosa. Aliponiwekea chai, kwa aibu nikamwambia meno yale yaliibwa kwetu.

Akacheka mpaka akaweka bilauri chini. "Binti yangu, aliyeibiwa huja na askari. Wewe umekuja na beseni."

Nikainamisha kichwa, nikasema kweli.

"Ungeanza na hilo," alisema, "chai yako isingepoa." Akayatoa meno yote saba, yanang'aa kwa mafuta ya mbuzi, hayana hata chembe ya kutu. Beseni akabaki nalo, na ilikuwa haki yake. Nilirudi na vyuma mgongoni vikinichoma mbavu, na sijawahi kubeba mzigo kwa furaha kama ule.

Kwa Mzee Gathogo nilivuta mvukuto siku tatu. Alichukua springi ya lori kuukuu, akaikata, akaipiga, akaipinda iwe jino. Mimi siku zilikuwa zinaniponyoka, nikamhimiza: "Baba, lipoze haraka tuone." Kunisikiliza kulimponza. Alilitumbukiza majini, na alipolijaribu kwa goti, jino likakatika kama muwa. Nikashika kichwa.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema, akiokota vipande. "Jino la reki lipinde na kurudi. Hili tutalipoza kwa mafuta, na wewe utanyamaza."

Nikanyamaza. Meno matatu yakatoka, akayabonyeza mpaka chini, yakaruka kurudi mahali pake.

Nyumbani nilimkuta Mama Njoki ameketi kwenye kigoda, anasugua ekseli kwa mchanga na mafuta ya taa, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele. Tulifanya kazi bega kwa bega. Ijumaa jioni magurudumu yakazunguka.

Jumamosi asubuhi nyasi walizokata wenzetu zilikuwa zimelala bondeni, kavu, zinanukia, na mawingu yanakusanyika upande wa Kilimambogo. Tukafunga kwenye reki punda wawili tulioazima kwa jirani. Wanawake walisimama wakingoja Mama Njoki apande kitini. Akashika hatamu, akanigeukia.

"Aliyeyarudisha meno ndiye apande."

Nilipanda. Mara ya kwanza nilichelewa kuvuta mkono wa chuma wa kuinua meno, nyasi zikarundikana, punda wakasimama, watu wakacheka. Mara ya pili nikavuta kwa wakati, meno yote yakainuka pamoja, na nyasi zikabaki nyuma yangu katika mstari mmoja ulionyooka. Ngemi, yaani vigelegele, zilizopigwa siku ile zilisikika mpaka ng'ambo ya mto! Mama Njoki alikuwa mbele ya punda, anachechemea, anaimba wimbo wa maksai wa mumewe. Tulikusanya, wengine wakafunga kwa kamba za mkonge, wengine wakabeba. Manyunyu yalipoanza jioni, mzigo wa mwisho ulikuwa unaingia chini ya paa.

Jumatatu mzungu alikuja na kofia yake, akaizunguka reki mara mbili.

"Mama, hii ilikuwa yangu. Mimi nataka nunua."

"Haiuzwi," Mama Njoki akamjibu. "Ukiwa na nyasi, tuite. Itakuja na mwendeshaji wake." Akaninyooshea fimbo.

Mzungu akanitazama, akavua kofia. Na alituita, mwanangu. Kiangazi kile ng'ombe wa wanawake saba hawakulala njaa hata siku moja, nami nikajulikana toka Kalimoni hadi Ruiru kama Wangeci wa Reki.

Basi nisikilize. Kabla hujatupa kitu cha waliokutangulia, uliza kilibebwa na nani na kwa nini. Ukishakosa, na utakosa, usikae ukilia wala usiupambe uongo. Sema kweli mapema, kisha ondoka ukakusanye ulichotawanya, kimoja kimoja, hata kama kimefika Thika. Na fundi akishika chuma, mwachie muda wake.

Mungu akupe macho ya kuona mali chini ya kutu. Akupe miguu ya kurudia makosa yako uyatengeneze, na wazee watakaokukemea kisha wakupandishe kitini. Mikono yako isikose kazi, na kazi yako isikose wa kuishangilia.