Aliyekufa wa Kwanza Kwenye Rede

Miaka ya tisini tulikaa Ganako, na baada ya shule wasichana wa mtaa tulicheza rede kwenye uwanja wa vumbi jekundu nyuma ya nyumba yetu. Wawili wa timu moja walisimama pande mbili wakirusha mpira wa soksi. Timu nyingine ilikaa katikati, ikikwepa huku mmoja wao akijaza mchanga kwenye chupa ya soda. Mpira ukikugusa umekufa, unatoka. Chupa ikijaa kabla hamjafa wote, mmeshinda.

Rafiki yangu mpenzi, binti wa mwenye duka la mtaani, alichaguliwa mwisho siku zote, maana kila akiingia katikati alikufa wa kwanza. "Huyo mchukueni nyie," viongozi wa timu walisukumiana, "sisi tulikuwa naye jana." Yeye alifunga kanga yake vizuri kiunoni akaenda alikopelekwa. Niliyeumia ni mimi.

Kilichotushinda ni kulinganisha timu. Tuligawa wakwepaji hodari sawasawa, bado upande mmoja ulishinda mpaka wengine wakasusa. Dada yangu mkubwa, ambaye hakupenda ugomvi, akasema, "Leo hatuchezi. Kila mtu ataingia katikati peke yake, mimi na jirani tutarusha. Tuone nani ni nani."

Huyo jirani, msichana wa nyumba ya pili, ndiye aliyesifiwa kuliko wote kwa kukwepa. Tukaingia mmoja mmoja. Mimi nilikufa mapema, wakanicheka. Ilipofika zamu ya rafiki yangu, wengine walishakaa chini. Akainama, akaruka, mpira ukapita chini ya kwapa lake. Dada akavua sweta, akarusha kwa nguvu zaidi. Waliochoka ni warushaji, yeye hawakumgusa.

Dada akamsogelea, anahema. "Mdogo wangu, mbona ukiwa na wenzako unakufa mara moja?"

"Anayejaza chupa anakuwa ameinama, dada," akajibu taratibu. "Haoni mpira ukija. Nikikwepa mimi, mpira unampata yeye."

Mimi ndiye niliyependa kushika chupa, na nilikuwa nikijiona mjanja kwa kutoguswa.

"Kumbe kutazama nani amebaki hakutoshi," dada akasema. "Tutazame mchanga unafika wapi mtu akiwemo, na asipokuwemo."

Siku zilizofuata akatuchanganya, leo huyu na yule, kesho wengine, macho yake kwenye chupa. Rafiki yangu alipokuwemo, mchanga ulipanda hata kama anayejaza ni mzito kama mimi. Jirani yetu naye hakuwahi kumkinga mtu, ila akirusha hakosi. Dada akawaweka hao wawili timu tofauti, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kusema mapema nani atashinda. Tulicheza mpaka mama zetu waje kutuita wenyewe.

Siku rafiki yangu alipotajwa wa kwanza, aligeuka nyuma kutazama anaitwa nani.

"Ni wewe," dada akamwambia.

Rafiki yangu akanichagua mimi nishike chupa. Tulishindwa siku ile, kwa mchanga kidogo tu, naye alicheka njia nzima hadi dukani kwao, mkono wake shingoni mwangu, akinieleza namna nzuri ya kuchota.